Walivyomwandika Mlinzi wa Malango

3 Machi

Shule zimefunguliwa leo. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyenishauri niandike. Alisema mtu akiyaweka maneno yake kifuani yatamla, bora ayatoe kidogo kidogo, kwa mdomo au kwa kalamu. Kwa mdomo sijaweza. Basi naandika.

Tunaishi vyumba viwili nyuma ya duka la dobi ninakopiga pasi, mimi na binti yangu. Yuko kidato cha pili. Baba yake alimpa jina la Profesa kwa sababu ya maswali. Kabla hajajua hata kufunga viatu, alishamuuliza baba yake maji ya bwawani hulala saa ngapi. Baba yake alikuwa mlinzi wa malango ya bwawa lililo juu ya mji: maji yakizidi anafungua, yakipungua anafunga. Masika iliyopita mto ulishuka ukaubeba mtaa wa bondeni, na yeye ukamchukua. Walimpata maji yalipokauka, amevaa koti la kazi, vifungo vyote vimefungwa, mpaka cha shingoni. Mimi nilikuwa nikimcheka kwa hicho cha shingoni.

4 Machi

Mawingu yalikuja, yakatutazama, yakaondoka. Nguo zimekauka vizuri.

7 Machi

Profesa amerudi na kazi ya historia: eleza chanzo na athari za mafuriko ya mji wetu. Kumbe tumeshakuwa historia.

Maktaba ya shule ilikuwa ghorofa ya chini, na vitabu vyote viliishia kwenye matope. Siku hizi mwalimu akitaka wanafunzi wasome kitu anawapeleka chumba cha kompyuta. Huko wanasoma ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuingia akaandika, na mwingine akaja akafuta. Wakishasoma wananakili.

Nilikuwa natenga chakula. Nikamwambia, "Haya Profesa, nisomee." Napenda anisomee.

"Hii si nzuri, mama."

"Mwandiko?"

"Si mwandiko."

Nikalichukua daftari mwenyewe. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa mwanangu: "Chanzo kikuu cha mafuriko kilikuwa uzembe wa mlinzi wa malango, ambaye alikuwa amelewa na akachelewa kuyafungua."

Hawakutaja jina. Mlinzi tu, kana kwamba mlinzi hakuwa mtu wa watu.

"Darasa zima wameandika hivyo," Profesa akasema. "Mwalimu alikuwa anapita kwenye madawati. Ningefanyaje?"

Nikamwambia ale. Hakula, nami sikula.

Mume wangu hakunywa. Simsingizii uchamungu, ni tumbo lake lilikuwa na vidonda. Kwenye harusi ya mdogo wake walimlazimisha glasi moja, akajikunja nyuma ya spika za muziki mpaka tukamrudisha nyumbani kabla keki haijakatwa. Hata dawa ya kikohozi aliinusa kwanza na kuniuliza ina nini. Lango lilifunguliwa saa ngapi, sijui, sikuwapo. Iliundwa tume, ikahoji watu, ripoti yake hatujaiona mpaka leo. Lakini kulewa, hapana.

8 Machi

Nimeunguza kola ya shati la mteja.

11 Machi

Nimeomba ruhusa kazini nikaenda shule. Mwalimu wa historia watoto wanamwita Bibi Tarehe, kwa sababu ukimsalimia tu anakuuliza leo ni kumbukumbu ya nini. Ni mwanamke mrefu, mkavu, anayesimama hata akiwa na kiti.

Nilimwonyesha sentensi. Akavaa miwani, akaisoma, akavua miwani.

"Mama, mimi sikuiandika hii."

"Najua, mwalimu. Lakini unawafundisha."

"Ndicho kilichopo. Nionyeshe kitabu kingine kilichoandika habari za mji huu, nitakitumia leo leo."

"Kwa hiyo mtu akiandika chochote huko, ndiyo tayari imekuwa somo?"

"Si huko tu. Na jarida letu la shule liliandika hivyo hivyo." Akafungua kabati, akanionyesha. Ukurasa wa katikati, wenye picha ya daraja lililovunjika. Maneno ni yale yale.

Nilikuwa nimekwenda kupigana na mtandao, ghafla nakabidhiwa karatasi. Nikasema, "Hakuwa mlevi, mwalimu." Akanijibu bila ukali wowote, "Wajane wote tunasema hivyo." Akatoka, kengele ilikuwa imelia.

Nimemchukia. Naandika kama ilivyo.

13 Machi

Mvua imeanza. Imenyesha kwa adabu, kama mgeni wa mara ya kwanza.

17 Machi

Mwalimu wa kompyuta ni kijana mnene, mcheshi. Watoto wamembatiza Nywila, yaani neno la siri la kompyuta, kwa kuwa hakuna anayeingia popote pale shuleni bila kupitia kwake. Leo ameleta mashati yake, na nilipoyapokea akabaki amesimama.

"Mama, unajua Profesa anashinda kwangu mapumziko yote?"

Sikujua. Nilidhani anakula na wenzake.

Kumbe anaingia kwenye ule ukurasa na kuifuta ile sentensi. Akirudi kesho yake anaikuta pale pale. Anafuta tena. Nywila akanionyesha kwenye simu yake jinsi ukurasa unavyotunza kumbukumbu ya kila aliyefuta na kila aliyerudisha. Anayerudisha si mtu wa hapa, ni mtu huko aliko, hajui hata sisi ni akina nani. Kila mara anaandika maelezo yale yale: usifute, sentensi ina rejea. Na rejea yenyewe ni jarida la shule.

"Sasa tazama hapa, mama," Nywila akasema. "Sentensi iliingia mwezi wa sita. Jarida limetoka Desemba. Watoto wa jarida waliinakili kutoka kwenye ukurasa, halafu mtu akaenda kwenye ukurasa akaweka jarida kuwa ushahidi."

Ilinichukua muda kuelewa. Nikamwambia, "Yaani uongo umejitolea ushahidi wenyewe."

"Hapo hapo, mama. Hakimu akauliza shahidi ni nani, mshtakiwa akanyoosha kidole."

Nikacheka, kisha nikaona haya kwa kucheka.

Anasema ameshawaandikia wasimamizi wa ensaiklopidia, kuna mahali pa kulalamika. Watajibu, lakini huwa wanachukua wiki nyingi. Anataka katika wiki hizo awafundishe darasa zima kwa kutumia ukurasa huo huo, waone jinsi kosa linavyozaliwa na kunenepa. "Itawafaa maisha yao yote," akasema.

Wiki nyingi! Nikamuuliza, "Na mwanangu akae hapo katikati awe mfano wa ubaoni?" Akaaga haraka. Akasahau kuchukua risiti ya mashati.

18 Machi

Mvua. Mto una rangi ya chai ya maziwa.

20 Machi

Wanamwita Binti Chupa. Amenieleza mwenyewe, bila kulia, na hilo ndilo lililonitisha. Kuna mmoja anayejifanya anayumba akipita karibu na dawati lake na kusema, "Samahani, nimechelewa kufungua." Darasa zima wanacheka. Wengine walipoteza ndugu bondeni, hao hawacheki. Wanamtazama tu. Anasema afadhali wanaocheka.

21 Machi

Hakwenda shule. Alisema kichwa.

24 Machi

Hakwenda tena. Nilimkuta amekaa kitandani na sare amevaa, viatu amevaa, mkoba mgongoni. Akaniambia, "Nimefika mpaka hapa, mama. Zaidi ya hapa siwezi."

Nikakaa naye. Nilitamani nimwambie maneno ambayo baba yake angemwambia, lakini baba yake hakuwa mtu wa maneno. Angemnawisha uso kwa mikono yake mikubwa ile iliyonukia grisi. Nikamnawisha mimi. Yangu inanuka sabuni.

26 Machi

Shemeji amekuja, mdogo wa marehemu. Ni dereva wa lori, akiingia chumba kinapungua. Nimemsimulia yote akisikiliza amesimama mlangoni, maji yakimchuruzika.

"Yaani shemeji, watu wanaandika takataka, watoto wanalishwa, na mnakaa mnajadili? Nyumba ikiwaka mtaitisha semina?"

"Mwalimu wa kompyuta anasema tusubiri."

"Asubiri yeye! Ana mtoto pale?" Kisha akamgeukia Profesa, sauti ikashuka. "Na wewe mwanangu, baba yako alishindwa kunywa kwenye harusi yangu mwenyewe. Nilimdharau siku ile. Leo ningelipa watu waje kushuhudia."

Profesa akatabasamu. La kwanza wiki hii.

Shemeji amenisukuma niombe suala hili liingizwe kwenye mkutano wa wazazi wa Jumamosi. Tuitake shule iufunge mtandao huo, wasiuone kabisa. Nikiwaza mwanangu na mkoba mgongoni, sikuona ubaya wowote. Sikuona hata upande mwingine.

29 Machi

Mkutano wa wazazi. Nitaandika wote nisije nikausahau.

Tulikaa kwenye bwalo, mvua inapiga mabati mpaka mwenyekiti akawa anapiga kelele. Mwenyekiti ni yule mwenye duka la dawa. Alianza kwa kusema kwamba wateja wanamjia na dozi walizosoma mtandaoni, mmoja alitaka kumpa mtoto mchanga dawa ya ng'ombe. Baba mmoja akasema wa kwake ameandika kwenye insha kuwa mwezi una nchi mbili. Mama mmoja akadakia, "Wa kwangu kaniletea ushahidi wa mtandaoni kuwa kuosha vyombo kunadumaza watoto." Watu wakacheka sana. Palikuwa pamechangamka. Kila mmoja alikuwa na la kwake, na yote yalielekea upande wangu.

Kisha nikaitwa. Nilisema: "Mimi ni mke wa mlinzi wa malango." Kicheko kikakatika. "Sikuja kumtetea, sina karatasi ya kumtetea. Nimekuja kuuliza. Mtu ambaye hatumjui, hajawahi kufika hapa, ameandika neno, na watoto wetu wanapewa alama kwa kulinakili. Mwanangu anapewa alama kwa kumtukana baba yake. Naomba shule ifunge. Basi."

Nikarudi kukaa.

Nywila akasimama. Alikuwa mkubwa kuliko nilivyomzoea, jasho limemtoka. "Wazazi wangu, naelewa. Lakini tukifunga, kosa haliondoki, linabaki kule kule. Kinachoondoka ni sisi. Leo mtoto akisoma uongo, niko nyuma ya kiti chake, anaweza kugeuka akaniuliza. Tukifunga atausoma kwenye simu ya kaka yake kichochoroni, na atamgeukia nani? Au hatausoma kabisa, na hatajua umbo la uongo likoje. Nipeni muhula huu mmoja tu."

"Muhula mmoja wa mtoto wa nani?" shemeji akauliza kutoka nyuma. Watu wakapiga makofi.

Kitu ambacho sikukitegemea: Bibi Tarehe naye alipinga. "Mkifunga," akasema, "mniambie nitafundisha kwa nini. Vitabu vyangu viko mtoni."

Mwalimu mkuu akatuliza. Alisema ofisi itawaandalia walimu muhtasari wa kuchapwa, safi, uliopitiwa, ili wasibaki mikono mitupu. Jambo hilo liliwafurahisha watu. Neno karatasi lina heshima yake.

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Nilinyoosha wangu mapema kuliko wote. Ensaiklopidia na tovuti zote za namna hiyo zimefungwa mpaka mwisho wa muhula, tukutane tena muhula ujao.

Wakati wa kutoka kila mtu alinishika bega. Nywila alikuwa anapanga viti.

1 Aprili

Profesa amekwenda shule. Amerudi, amekula, ameomba aongezewe.

2 Aprili

Ananiambia vicheko vimepungua. Nimeimba nikipiga pasi, mwenzangu wa kazini akasema, "Shoga, leo pasi inacheza." Mvua kutwa nzima, lakini sikuichukia.

5 Aprili

Wamepandisha bendera nyekundu darajani. Kuna mlinzi mpya kule malangoni. Sijui ana mke au hana. Nimemwombea.

9 Aprili

Muhtasari umetoka. Karatasi mbili, zimebanwa pini kwenye pembe, muhuri wa shule juu. Profesa aliuweka mezani, akaenda kusimama dirishani.

"Chanzo kikuu cha mafuriko kilikuwa uzembe wa mlinzi wa malango, ambaye alikuwa amelewa na akachelewa kuyafungua."

Walichofanya ofisini ni hiki. Walimu walipoambiwa walete maandishi ya kuchapwa, wakaleta walichokuwa nacho. Wa historia alikuwa na jarida. Karani akalichapa upya, mwalimu mkuu akagonga muhuri. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alifanya kazi yake.

"Mama," Profesa akasema akiwa bado anaangalia nje, "kule nilikuwa naweza kufuta."

10 Aprili

Nimekwenda kwa mwalimu mkuu nimelowa mpaka kwenye mifupa. Ni mtu mpole, alinipa taulo. Nilimwomba aiondoe sentensi, na kama haiwezekani, basi aufungue mtandao.

"Mama, wewe ndiye uliyeomba tufunge."

"Mimi, ndiyo. Sasa naomba mfungue."

"Ule ni uamuzi wa wazazi wote. Nikiuvunja kwa ajili ya mzazi mmoja, kesho yupo mwingine." Akaeleza kwamba mtihani wa mwisho wa muhula umeshatungwa kutokana na ule muhtasari na umekwenda kwa mchapaji. "Swali lipo. Ni alama mbili tu, mama."

Tu.

Nimerudi kwa miguu. Mto umefika kwenye nguzo zilizowekwa alama. Nilisimama pale nikautazama, na kwa mara ya kwanza tangu afe nilimkasirikia yeye. Kwa nini hukuandika, mume wangu? Kwa nini hukuacha hata kipande, saa fulani nimefungua, saa fulani chuma kimegoma? Ulikuwa na kalamu kwenye mfuko wa koti. Ulipenda kuibofyabofya mpaka nikakukataza.

Sasa nasikia mvua na naisikia ile kalamu.

12 Aprili

Sijaweza kuandika.

16 Aprili

Nywila amekuja na mashati. Hakuwa na utani. Alinipa simu mkononi.

Wasimamizi wamejibu. Sentensi imeondolewa. Pale ilipokuwa pameandikwa: "Chanzo cha mafuriko hakijathibitishwa, ripoti ya tume haijachapishwa." Chini yake kuna maelezo marefu kwamba jarida la shule si ushahidi kwa sababu lilinakili ukurasa wenyewe.

Nilisoma mpaka herufi zikachanganyika. Huko duniani, mtu yeyote, kokote aliko, akiuliza habari za mji wetu leo ataambiwa kweli: hatujui. Isipokuwa watoto wa shule yetu, maana wao mlango wao umefungwa, na niliyeomba ufungwe ni mimi.

"Hawawezi kuuona nyumbani?"

"Wachache wenye simu. Nao mtihani unataka jibu la karatasi, mama. Nani atahangaika?"

"Ulituambia."

"Sikuwaambia vizuri." Akaangalia miguu yake. "Ningekuwa wewe, ningenyoosha mkono pia."

Kukawa na harufu ya kuungua. Pasi ilikuwa juu ya shati lake. Akasema alikuwa halipendi.

18 Aprili

Nimeomba simu ya Nywila nikaenda nyumbani kwa Bibi Tarehe mchana. Anaishi peke yake, chumba safi sana, ukutani hakuna kitu isipokuwa kalenda na picha ya mwanamke mzee aliyekaa kwenye ngazi anacheka.

Nilimpa simu. Akavaa miwani. Alisoma muda mrefu, kisha akakaa. Sikuwahi kumwona amekaa.

"Huyo ni mama yangu," akasema, bila kuangalia picha. "Alikuwa bondeni. Alikataa kuhamia kwangu, alisema chumba changu kina ukimya mwingi. Baada ya maji, miezi mitatu sikulala. Nikawa najiuliza, ni mvua? Ni Mungu? Ni mimi, niliyeshindwa kumbeba hata kwa nguvu? Halafu siku moja nikasoma pale kwamba kuna mlevi." Akavua miwani. "Nililala siku ile. Nilishukuru. Unanielewa? Nilimshukuru huyo mlevi."

Nilimwelewa. Ndiyo shida. Nilikwenda na mdomo umejaa maneno, na yote yakaniishia. Nikamwambia kuhusu vidonda vya tumbo, na harusi, na spika za muziki. Alicheka kidogo, kisha akafunika uso.

"Mtihani umeshafungwa kwenye bahasha," akasema. "Lakini darasani nitasema."

"Utasemaje?"

"Nitatafuta namna."

Alinisindikiza mpaka barabarani na mwavuli wake, yeye akilowa.

22 Aprili

Amesema. Profesa amenieleza: Bibi Tarehe alisimama mbele, akasema kuhusu chanzo cha mafuriko kuna mashaka, utafiti unaendelea. Mmoja akanyoosha mkono, "Mwalimu, kwa hiyo kwenye mtihani tuandike nini?" Akavua miwani, akasema, "Andikeni kama ilivyo kwenye karatasi." Wakafungua ukurasa mwingine.

23 Aprili

Mvua. Malango yamefunguliwa, king'ora kimelia mapema, watu wa bondeni wamepanda na magodoro yao. Hakuna aliyekufa. Nimefurahi, na nimelia kwa wivu.

29 Aprili

Mtihani wa historia. Asubuhi nilimfunga Profesa nywele nikamwambia, "Andika unachotaka. Mimi sitakuuliza."

"Nikikosa hizo mbili naweza kushushwa mkondo, nipelekwe darasa la wenye alama ndogo, mama."

"Najua."

"Baba angesemaje?"

Nikamwambia kweli, kwamba baba angemtuma aniulize mimi. Akacheka, na kichwa kikachezacheza nikashindwa kusuka.

Aliporudi sikumuuliza. Naye hakusema.

5 Mei

Mvua inakatika katika. Jua limeonekana, nguo zimerundikana.

9 Mei

Leo shule imefungwa. Wazazi tuliitwa bwalo lile lile, watoto wamekaa na wazazi wao, kila mmoja na karatasi zake mkononi. Shemeji alikuwa safarini. Tulipata nafasi katikati ya safu, mwenyekiti mwenye duka la dawa kushoto kwangu.

Profesa alinipa karatasi ya historia imekunjwa. "Nimebaki mkondo ule ule," akasema.

Nikaikunjua magotini. Swali la tisa. Ameandika kwa herufi ndogo, zilizonyooka: "Karatasi tuliyopewa inasema chanzo ni mlinzi wa malango aliyekuwa amelewa. Mlinzi huyo ni baba yangu. Hakuwa mnywaji."

Juu ya sentensi ya kwanza kuna alama ya vema, nyekundu, na pembeni mbili juu ya mbili. Kwenye nyingine mbili hakuna kitu. Hazikukatwa wala hazikukubaliwa. Mwishoni tu, baada ya neno la mwisho, pana doa jekundu, pale kalamu ilipotua ikasimama, wino ukapenya mpaka upande wa pili.

Nikamtafuta Bibi Tarehe kwa macho. Alikuwa na walimu wenzake mbele, amesimama, anatazama mabati.

Mwalimu mkuu akasoma matokeo. Alikuwa na furaha, sauti yake inapaa. Alisema muhula huu umekuwa wa mfano, na kwamba historia imepanda kuliko masomo yote. "Wazazi, mlituagiza tuwaondoe watoto kwenye vyanzo visivyoaminika, na sisi tukatii. Mnataka kuona matunda? Swali la mafuriko ya mji wetu: hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyelikosa."

Bwalo zima likapiga makofi. Wengine walisimama. Nywila alikuwa mlangoni, nikamwona anatoka nje.

Mwenyekiti akaniinamia, anatabasamu kwa moyo wake wote, namjua, hana ubaya. Akasema sikioni, "Piga makofi, mama. Hii ni kazi yako."

Nilikuwa nimeshainua mikono. Sijui ningefanya nini. Nadhani ningepiga, kwa kuwa watu wote walikuwa wanapiga, na kwa kuwa alinisemesha kwa upole.

Profesa akaishika mikono yangu yote miwili, akaishusha juu ya karatasi, na akaishikilia pale, kwa nguvu, mpaka makofi yakaisha.